Jinsi ya Kuingiza Tiketi, Barua na Karatasi Nyingine za Kumbukumbu Katika Albamu ya Kidijitali

Wanaoanza kutengeneza albamu za kumbukumbu kwa kompyuta hukwama karibu wote mahali pamoja. Picha zimeshapangwa, tarehe zimeshaandikwa, kisha mtu anakumbuka boksi lenye vipande vya tiketi, kadi za mialiko, barua zilizokunjwa mara nne na mchoro ambao mtoto aliuchora alipokuwa na miaka mitatu. Hapo maswali yanaanza, nayo ni yaleyale kila mara. Niskani kwa ubora gani? Ule weupe unaoizunguka tiketi nitauondoaje? Mbona barua yangu, hata baada ya kazi yote hiyo, inaonekana kama imeelea juu ya ukurasa badala ya kulala juu yake? Nimeandika mwongozo huu ili anayeuliza apate majibu yote mahali pamoja na kwa mpangilio ambao kazi yenyewe hufuata.

Kabla ya hatua yoyote, lipo jambo moja ambalo ningependa ulishike, kwa kuwa linaamua mengi yanayofuata. Tiketi ina thamani kwako kwa sababu ilikuwa mfukoni mwako siku ile. Mkunjo wake, kona iliyochanika langoni na wino uliopauka ni sehemu ya kumbukumbu, sawa na maneno yaliyochapwa juu yake. Kwa hiyo usijipe kazi ya kuifanya karatasi ionekane mpya. Kazi yako ni kuifikisha kwenye ukurasa ikiwa na kingo zake, rangi yake na ukubwa wake wa kweli.

Utakachohitaji

- Skana bapa yenye kioo na kifuniko. Printa nyingi za nyumbani zinazo, na inatosha kabisa. Skana inayovuta karatasi kwa roli haifai hapa: itaikwaruza barua ya zamani au kuichana.
- Kama huna skana, simu yenye kamera nzuri pamoja na mwanga wa dirishani.
- Programu ya kuhariri picha inayofanya kazi kwa matabaka, yaani inayokuruhusu kupanga vitu kimoja juu ya kingine bila kuvichanganya. GIMP na Krita ni za bure, Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, na Photoshop au Affinity Photo zitafaa ukiwa tayari unazo.
- Brashi laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, rula, na karatasi moja nyeusi isiyong'aa, kubwa angalau kama kioo cha skana. Hiyo karatasi nyeusi usiiache. Utaona sababu yake katika hatua ya tatu.
- Nafasi ya kutosha ya kuhifadhi mafaili. Ukurasa mmoja wa A4 ulioskaniwa kwa rangi, nukta 600 kwa inchi (kipimo kinachoandikwa dpi kwenye skana), bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 100.

Hatua ya 1: Chagua kinachoingia

Usiskani boksi zima. Chukua tukio moja, kwa mfano safari moja au harusi moja, utandaze karatasi zake zote mezani, kisha ujiulize kuhusu kila moja: inaeleza jambo gani ambalo picha hazielezi? Tiketi inataja kiti na saa. Risiti inaonyesha mliagiza nini. Bahasha ina muhuri wa posta wenye tarehe na mahali. Karatasi isiyoongeza neno inaweza kubaki kwenye boksi bila kukosewa heshima.

Karatasi mbili au tatu kwa ukurasa zinatosha. Zikizidi hapo, jicho halijui lianzie wapi.

Anza na zile zinazofifia, hata kama hukupanga kuzitumia mwezi huu. Risiti nyingi na tiketi za mashine huchapwa kwa joto juu ya karatasi iliyopakwa kemikali, bila wino, na maandishi yake hupotea kwa mwanga, joto, mafuta ya vidole na hata kwa kukaa ndani ya mifuko ya plastiki laini. Zikishafutika, hakuna programu itakayosoma kisichokuwepo. Baada yake fuata vipande vya magazeti, ambavyo hugeuka manjano na kukatika kwenye mikunjo.

Hatua ya 2: Andaa karatasi

Nawa mikono na uikaushe vizuri. Kwa karatasi za kawaida, mikono safi na mikavu ni salama kuliko glovu za kitambaa, kwa sababu ukiwa nazo huwezi kuhisi ukingo na unaweza kuuchana bila kukusudia. Ondoa vumbi kwa brashi, ukianzia katikati kuelekea kingoni. Pini za stepla na vibanio uvitoe taratibu. Pini iliyoota kutu usiivute, inyanyue miguu yake upande wa nyuma kwanza.

Karatasi iliyokunjwa ilaze chini ya vitabu vizito kwa siku moja au mbili, ikiwa katikati ya karatasi mbili nyeupe safi. Hiyo inatosha kuituliza. Usiipige pasi. Karatasi iliyochapwa kwa joto hugeuka nyeusi yote mara pasi inapoigusa, na karatasi za kawaida hukauka na kuwa dhaifu. Vilevile usibandike selotepu kwenye mpasuko: gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Sogeza vipande viwili vigusane juu ya kioo na uviskani hivyohivyo.

Kama karatasi imeng'ang'ania kwenye albamu ya zamani yenye gundi, iache hapo. Skani ukurasa mzima wa albamu hiyo, kisha utaikata karatasi ndani ya kompyuta. Nimeona kadi nyingi zikipotea kwa haraka ya kuzibandua.

Hatua ya 3: Skani

Hapa ndipo ubora wa albamu yako unapoamuliwa, kwa hiyo nenda polepole.

Futa kioo kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Dawa ya kusafishia kioo ipulizie kwenye kitambaa, usiipulizie kwenye kioo, kwa kuwa maji yakipenya ukingoni huacha ukungu upande wa ndani ambao huwezi kuufikia. Kisha weka karatasi katikati ya kioo, ikiacha nafasi ya angalau sentimita moja pande zote. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuisukuma karatasi hadi ukingoni kabisa, kama wafanyavyo wakitoa nakala. Skana nyingi haziskani milimita za mwisho, na ukingo wa karatasi ukishakatwa hauwezi kurudishwa.

Juu yake weka ile karatasi nyeusi, ndipo ufunike. Ina kazi mbili. Kwanza, karatasi nyembamba iliyoandikwa pande zote mbili haitaonyesha maandishi ya nyuma, kwa sababu mwanga unaopenya unamezwa na weusi badala ya kurudishwa na weupe wa kifuniko. Pili, ukingo wa karatasi nyeupe utaonekana wazi dhidi ya nyeusi, na hapo kukata katika hatua ya sita kutakuwa kazi ya dakika chache. Kama karatasi yenyewe ni nyeusi au ya rangi nzito, tumia nyeupe badala yake.

Katika mipangilio ya skana fanya haya:

- Chagua rangi kamili, hata kwa risiti nyeusi na nyeupe au barua ya penseli. Karatasi haiwi nyeupe kabisa. Ina umanjano au ukijivu wake, na huo ndio unaoifanya ionekane karatasi.
- Weka nukta 300 kwa inchi kwa karatasi itakayoonekana kwa ukubwa wake wa kweli, 600 kwa tiketi, kadi na chochote unachoweza kukikuza hadi mara mbili, na 1200 kwa vitu vidogo kama stempu. Hesabu yake ni rahisi: stempu ya upana wa sentimita 2.5 ikiskaniwa kwa 300 hutoa pikseli 295 tu (yaani vijisehemu vidogo vinavyounda picha ya kompyuta), lakini kwa 1200 hutoa 1181, ambazo zinatosha kuichapa kwa upana wa sentimita 10.
- Zima marekebisho yote ya kiotomatiki: kung'arisha, kunoa, kuondoa mandharinyuma, kurudisha rangi. Skana haijui kuwa doa la chai kwenye barua ni la marehemu bibi yako.
- Kwa magazeti, vijitabu vya ratiba za matamasha na postikadi zilizochapwa kiwandani, washa chaguo la kuondoa nukta za uchapaji kama skana yako inalo. Uchapaji huo umejengwa kwa nukta ndogo, na nukta hizo zikigongana na mpangilio wa pikseli huzaa mawimbi ya ajabu juu ya picha.

Tazama kwanza onyesho la awali, nyoosha karatasi ikiwa imekaa upande, kisha skani. Skani na upande wa nyuma pia. Jina lililoandikwa kwa penseli nyuma ya kadi ndilo mara nyingi linalohitajika baada ya miaka kumi.

Kwa karatasi kubwa kuliko kioo, skani sehemu mbili au zaidi, kila moja ikiingia ndani ya nyingine kwa takriban robo ya upana wake, na karatasi isigeuzwe kati ya skani moja na nyingine. Ukiigeuza, taa ya skana itaangukia mikunjo kutoka upande tofauti, na pale sehemu zinapokutana utaona tofauti ambayo ni ngumu kuificha.

*Ukitumia simu.* Laza karatasi juu ya ile nyeusi karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, na upande wa pili wa karatasi usimamishe kadi nyeupe ili irudishe mwanga na kupunguza giza la upande huo. Zima flashi. Simama mbali kidogo na utumie ukuzaji wa mara mbili badala ya kuinamia karatasi, kwa sababu lenzi pana ikisogezwa karibu hupanua katikati na kupinda kingo. Simu iwe sambamba kabisa na meza. Washa gridi ya kamera ikusaidie. Sishauri programu za simu za kuskani nyaraka kwa kazi hii. Zimetengenezwa ili maandishi yasomeke, basi hupausha karatasi hadi iwe nyeupe tupu na hukata kingo zake zikanyooka kama rula, yaani zinaondoa hasa kile ulichotaka kubaki nacho.

Hatua ya 4: Hifadhi faili mama na ulipe jina

Skani ya kwanza, kabla ya kuguswa, ndiyo faili mama. Ihifadhi katika aina ya faili iitwayo TIFF, au PNG kama nafasi ni ndogo. Usitumie JPEG kwa faili mama, kwa kuwa hupoteza sehemu ya picha kila unapoihariri na kuihifadhi tena. Fanya kazi zote zinazofuata kwenye nakala.

Nasisitiza hili kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kusafisha skani ya barua ya mama yangu hadi karatasi ikawa nyeupe kabisa, nikahifadhi juu ya faili lilelile. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipogundua kuwa alikuwa ameandika maneno mawili kwa penseli pembeni, hafifu sana, na usafishaji wangu ulikuwa umeyafuta. Barua yenyewe ilikuwa imeshaharibiwa na maji.

Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano *1987-06-14_barua_mama_mbele.tif*, ili folda ijipange yenyewe kwa tarehe. Usipoijua siku, andika mwaka peke yake. Usiliache jina la skana kama *Scan0043*. Baada ya mwaka halitakuambia chochote.

Hatua ya 5: Rekebisha rangi, kwa kiasi

Shika karatasi yenyewe mkononi, kwenye mwanga wa mchana, uilinganishe na kioo cha kompyuta. Lengo lako ni vifanane. Fungua kirekebishi cha viwango vya mwanga, usogeze ncha nyeusi hadi wino uwe mzito kama ulivyo, na ncha nyeupe hadi karatasi iwe na mwanga bila kuwa nyeupe tupu. Kama skani ina rangi ya bluu au kijani isiyokuwepo kwenye karatasi, iondoe kwa kirekebishi cha uwiano wa rangi.

Vumbi la kioo na unywele uliodondoka wakati wa kuskani, ondoa. Mikunjo, madoa, mihuri na matundu ya pini, acha. Kipimo ninachokitumia ni hiki: kilichoingia siku ya kuskani kinatoka, kilichoingia katika maisha ya karatasi kinabaki.

Hatua ya 6: Kata karatasi kutoka kwenye mandharinyuma

Kwa tiketi na kadi zenye kingo zilizonyooka, tumia zana ya kuchagua kwa mistari iliyonyooka. Kuza picha hadi asilimia 200 na ubofye kona kwa kona, ukiongeza mibofyo popote ukingo unapopinda au kona ilipopondeka. Kwa karatasi iliyochanwa, zana inayochagua kwa rangi itakufaa zaidi: bofya kwenye weusi wa nyuma, kisha ugeuze uchaguzi ili karatasi ndiyo iwe imechaguliwa.

Uchaguzi ukishakamilika, uuingize ndani kwa pikseli moja na uulainishe kwa nusu pikseli hadi pikseli moja. Bila hivyo utabaki na uzi mwembamba mweusi kuzunguka karatasi nzima, na huo uzi ndio unaomfanya mtazamaji ahisi kuwa kuna kitu hakiko sawa hata asipojua ni nini.

Kisha badala ya kufuta mandharinyuma, yafiche kwa barakoa ya tabaka. Barakoa huficha bila kuharibu: ukipaka nyeusi juu yake sehemu inapotea, ukipaka nyeupe inarudi. Ukigundua kesho kuwa umekata kona kimakosa, utairudisha kwa mpako mmoja wa brashi.

Usikate karatasi iliyochanika ikawa mstatili safi, hata kama inakaa vizuri zaidi kwenye mpangilio. Ukingo uliochanika ndio unaoonyesha kwamba mtu aliingia ndani ya ukumbi.

Hifadhi matokeo kama PNG, ambayo hutunza uwazi wa mandharinyuma. JPEG haina uwazi. Itakurudishia mraba mweupe.

Hatua ya 7: Iweke kwenye ukurasa kwa ukubwa wake

Ukurasa wa mraba uliozoeleka katika albamu za namna hii ni inchi 12 kwa 12, sawa na sentimita 30.48 kila upande, na kwa nukta 300 kwa inchi huwa pikseli 3600 kwa 3600. Kwenye ukurasa huo, tiketi ya sentimita 6 kwa 15 inapaswa kuwa na takriban pikseli 709 kwa 1772. Ukiiskani kwa 600 itaingia ikiwa kubwa mara mbili, kwa hiyo ipunguze kwa asilimia 50.

Kwa nini nasisitiza ukubwa? Kwa sababu jicho linajua tiketi ina ukubwa gani. Tiketi iliyokuzwa ikawa kubwa kuliko sura za watu pembeni yake huonekana kama bango, na barua iliyopunguzwa ikawa ndogo kuliko stempu iliyo kando yake huvunja udanganyifu wote kwamba vitu hivi vimelala juu ya meza moja. Karatasi zilizo kwenye ukurasa mmoja zihifadhi uwiano wake wa kweli kati yake. Ukiamua kukuza, kuza kimoja tu na ukifanye kiini cha ukurasa kwa makusudi, kwa mfano ujaze usuli wote, yaani sehemu ya nyuma ya ukurasa, kwa mwandiko wa barua ukiwa umefifishwa.

Zungusha karatasi digrii mbili au tatu, zisizidi tano, na sehemu ya karatasi iingie chini ya picha au picha iingie chini yake. Vitu vinavyogusana huonekana vya mahali pamoja. Kikiwa peke yake katikati ya eneo tupu, kipande cha karatasi huonekana kimepotea.

Hatua ya 8: Kivuli

Swali la kwa nini barua inaelea linajibiwa hapa. Karatasi iliyolala mezani ina kivuli chembamba sana, karibu hakionekani. Wanaoanza hutumia kivuli ambacho programu huwapa kikiwa tayari, ambacho mara nyingi ni kizito, kipana na cheusi tii, na papo hapo barua hupaa sentimita tatu juu ya ukurasa.

Kwenye ukurasa wa pikseli 3600, anza na umbali wa pikseli 4 hadi 6, mtawanyiko (ulaini wa ukingo wa kivuli) wa pikseli 8 hadi 12 na uzito wa asilimia 30 hadi 40, kisha urekebishe kwa macho. Badala ya nyeusi tumia kahawia iliyokolea, au rangi ya usuli iliyotiwa giza. Picha nene na bahasha iliyojaa zipate kivuli kikubwa kidogo kuliko karatasi moja. Mwelekeo wa mwanga uwe mmoja kwa vitu vyote. Mwanga ukitoka juu kushoto kwa tiketi, utoke juu kushoto hata kwa kitufe kidogo cha mapambo.

Kuna kosa lililojificha hapa. Ukiongeza kivuli kwanza kisha ukalizungusha tabaka pamoja na kivuli chake kilichogandishwa, yaani kilichogeuzwa kuwa sehemu ya picha, mwelekeo wa mwanga nao unazunguka. Zungusha kwanza, kivuli baadaye.

Hatua ya 9: Barua ndefu, vijitabu na maandishi bila karatasi

Barua ya kurasa nne haiwezi kusomeka yote kwenye ukurasa mmoja, na haifai kulazimishwa. Onyesha ukurasa wa kwanza kwa ukubwa wa kweli na kurasa nyingine zikichungulia nyuma yake, kisha chagua sentensi mbili au tatu zilizo moyo wa barua uzichape upya pembeni kwa herufi zinazosomeka. Ukitaka barua nzima ibaki, iwekee ukurasa wake mwenyewe unaofuata.

Kijitabu kifungue mahali panapoonyesha jina la tukio au jina la mtu wako, usikibonyeze kwenye kioo hadi mgongo uvunjike. Kama hakilali, kipige picha kwa simu.

Ukitaka sahihi au mwandiko peke yake, bila karatasi, weka tabaka la skani juu ya usuli na ulibadilishe liwe katika modi ya kuzidisha (Multiply), yaani namna ya kulichanganya na kilicho chini yake. Katika modi hiyo weupe hupotea na giza hubaki, kwa hiyo wino utaonekana kana kwamba umeandikwa moja kwa moja juu ya ukurasa. Hapa, na hapa tu, ndipo inaruhusiwa kung'arisha karatasi iwe nyeupe kabisa, kwa kuwa karatasi yenyewe haitaonekana.

Hatua ya 10: Kagua taarifa za siri

Albamu itakayobaki nyumbani haina shida, lakini ukurasa utakaoutuma au kuuweka mtandaoni ni jambo jingine. Msimbo ulio kwenye kibali cha kupandia ndege hubeba jina la abiria na namba ya uhifadhi wa safari, na yeyote mwenye simu anaweza kuusoma. Angalia pia namba za vitambulisho, anwani kwenye bahasha, tarakimu za kadi ya benki kwenye risiti na sahihi. Zifunike kwa kitu kizima, kwa mfano kipande cha utepe, ua au ukingo wa picha nyingine. Ukungu hautoshi, kwa sababu tarakimu zilizotiwa ukungu kidogo mara nyingi hukisika. Kisha unachokituma kiwe picha iliyounganishwa kuwa tabaka moja, wala kisiwe faili la kazi ambalo mtu anaweza kuondoa utepe akaona chini yake.

Barua uliyoandikiwa na mtu aliye hai, mwombe ruhusa kabla ya kuionyesha hadharani. Nayo mabango na postikadi za wasanii zina haki za wenyewe; kuziweka katika albamu yako ya faragha na kuzichapisha kwa umma ni mambo mawili tofauti.

Hatua ya 11: Andika maelezo, kisha hifadhi

Karibu na kila karatasi andika mstari mmoja: ni nini, ya lini, na ilikufikiaje. "Tiketi ya tamasha" haisaidii. "Tiketi niliyopewa na dada yangu asubuhi ya siku ile, baada ya yeye kuugua" inaeleza kwa nini imetunzwa.

Hifadhi faili la kazi likiwa na matabaka yake yote, na utoe nakala ya JPEG yenye ubora wa juu kwa kuangalia na kuchapa. Kwa uchapaji acha karatasi za kumbukumbu mbali na ukingo wa ukurasa kwa angalau sentimita moja, maana mashine ya kukata ikihama kidogo itakula ukingo wa tiketi. Weka nakala tatu za kila kitu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Skani ina mawimbi au vijisanduku vya rangi.* Hizo ni nukta za uchapaji. Skani tena kwa 600 ukiwa umewasha chaguo la kuziondoa. Kama halipo, lainisha picha kidogo kisha uipunguze kwa nusu. Kuizungusha karatasi digrii chache juu ya kioo kabla ya kuskani nako husaidia.

*Sehemu ya karatasi ina ukungu.* Imenyanyuka kutoka kwenye kioo. Skana nyembamba hushindwa kuona vizuri kitu kilichopanda milimita chache tu. Weka kitabu chepesi juu ya kifuniko, au, kama ni kadi yenye utepe na mapambo manene, ipige picha.

*Risiti imefifia hadi haisomeki.* Iskani kwa rangi, kisha ufungue njia za rangi moja moja: nyekundu, kijani na bluu. Mara nyingi maandishi hafifu huonekana zaidi katika njia ya bluu kuliko katika picha nzima. Ongeza utofauti wa mwanga kwenye njia hiyo, na maneno uliyofanikiwa kuyasoma uyachape kwenye maelezo.

*Programu inakataa kufungua skani ya noti.* Si hitilafu. Noti nyingi zina alama ambazo skana na programu fulani huzitambua na kusimamisha kazi ili kuzuia ughushi, na nchi nyingi zina sheria kuhusu kunakili fedha. Ipige picha ikiwa mkononi mwa mtu au juu ya meza pamoja na vitu vingine, iwe sehemu ya picha badala ya nakala ya noti, na hata hapo soma kwanza sheria ya nchi yenye noti hiyo.

*Rangi zilizochapwa ni nzito kuliko kwenye kioo cha kompyuta.* Kioo chako kina mwanga mkali mno. Upunguze hadi karatasi nyeupe iliyo kando ya kompyuta na weupe wa kioo vifanane, kisha utazame upya. Hifadhi picha ya kuchapa katika nafasi ya rangi ya sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa kompyuta) isipokuwa mchapaji amekuambia vingine.

*Ukurasa mzima unaonekana umejaa vurugu.* Karatasi za kumbukumbu tayari zina maandishi, mistari, mihuri na rangi. Ondoa usuli wenye mapambo, weka wa rangi moja uliochukuliwa kutoka kwenye tiketi au kadi yenyewe, na kwa kawaida vurugu huisha hapo.

*Je, sasa nitupe karatasi zenyewe?* Hapana. Zipange katika bahasha za karatasi zisizo na asidi, zikiwa bapa, ndani ya boksi lililo mahali pakavu, penye giza na pasipo joto, na risiti zikae kwenye bahasha yake peke yake. Usizilamineti, kwa kuwa joto na gundi ya plastiki haviwezi kutenguliwa. Juu ya kila bahasha andika kwa penseli jina lilelile la faili ulilolipa skani yake, ili siku utakapohitaji kuiskani upya ujue pa kuipata.